Huko juu kwangu ni tanuri, mzee anataka eisi (kiyoyozi), mimi nataka kujua joto linatoka wapi

Mama Mjengo, shikamoo. Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya muda mrefu, sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, lakini hii joto imenishinda aki.

Tunaishi Syokimau, pembeni mwa Nairobi, kwa zile korti (mtaa wa geti moja) za mezoneti, nyumba za chini na juu, zinazofanana kama mayai ya trei moja, paa zote ni mabati ya vigae rangi ya kahawa. Tuliingia mwezi wa sita mwaka juzi, na unajua mwezi wa sita venye huwa, baridi ya kuingia kwa mifupa, hakuna mtu aliuliza mambo ya joto, tulikuwa tu tunamshukuru Mungu tumetoka kwa nyumba ya kupanga. Januari ndio ikatuonyesha.

Chini ni sebule, jikoni na choo cha wageni, na huko hakuna shida kabisa, Jumapili saa nane mchana unaweza lala kwa kochi na ujifunike leso. Sasa panda ngazi. Ukifika pale katikati inapokunja unapigwa na joto usoni kama mtu amefungua oveni. Mchana tungevumilia kwa sababu watoto wako shule na mimi niko kazini, shida yangu ni usiku. Nilinunua kipimajoto cha kutundika ukutani, nikakiweka chumba cha watoto, saa mbili usiku kinasoma 31, nikishuka nacho sebuleni kinasoma 25, na nje kumeshapoa kitambo, unasikia hadi upepo ukipiga geti, lakini sisi huko juu ni kama tumefungiwa kwa debe.

Watoto (wa miaka minne na saba) wamehamia sebuleni na magodoro tangu Januari. Mama mkwe alikuja kutoka Mwingi kwa kliniki ya macho, na Mwingi si eti ni baridi, alilala huko juu usiku mmoja tu, asubuhi akaniuliza mbele ya bwanangu, "Nyinyi mlinunua nyumba ama mlinunua tanuri?" Akaongeza eti nyumba yake ya zamani ya nyasi haikuwahi kumtoa jasho namna hiyo. Nikanyamaza, ningejibu nini?

Sasa mzee wa nyumba ameamua tukope sacco tununue eisi mbili, moja chumba chetu na moja ya watoto. Kotesheni aliyoletewa ni pesa ya kukalisha mtu chini, na bado hujaweka tokeni za stima. Mimi nikasema ngoja kwanza tujue shida ni nini, yeye anasema mimi kila kitu lazima nipinge, tumelala mara mbili bila kuongea, na kulala bila kuongea kwa chumba cha digrii 31 ni adhabu ya kipekee.

Usidhani hatujajaribu. Tuko na feni mbili, zinatupulizia tu ile ile hewa moto. Pazia ni nzito za damu ya mzee na huwa tunazifunga mchana kutwa. Mwaka jana tulitoa silingi bodi tukaweka jipsamu vyumba vyote vya juu na zile taa za kuzama, fundi aliapa jipsamu itapunguza joto, nyumba ikawa nzuri kweli lakini joto ni lile lile, pengine hata imezidi. Jirani humwagia paa lake maji na mpira jioni, sisi maji yetu ni ya boza, siwezi hata kufikiria. Nilitaka tupake paa rangi nyeupe, kamati ya korti ikakataa, paa zote lazima zifanane. Madirisha ya juu hatufungui usiku juu ya mbu, grili ziko lakini neti hatuna. Vumbi na baridi ndio tuliweza, mwezi wa saba tuliziba zile tundu za juu ya madirisha na magazeti na tukaacha hivyo, vumbi la barabara likapungua sana.

Kitu kimoja sitaki kuguswa ni dirisha la ngazi, kioo kirefu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, hakifunguki, kiko upande wa magharibi na jioni ukuta wote unakuwa dhahabu. Ndicho kilifanya nikapenda hii nyumba.

Niambie ukweli, ni eisi ama kuna njia?

Mama wa Wawili, Syokimau

---

Marahaba Mama wa Wawili, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu, kwa sababu majibu karibu yote umeyaandika mwenyewe bila kujua. Umeyapitia mbio tu ukielekea kwa eisi.

Kabla ya yote fanya hivi. Jumamosi saa nane mchana panda juu ya kitanda cha watoto, inua kiganja hadi karibu na jipsamu bila kuigusa, kaa hivyo kama nusu dakika. Halafu shuka, kiganja hicho hicho kipeleke karibu na ukuta wa ndani ule unaotenganisha vyumba. Nina hakika ya kwanza utasikia kama umeweka mkono juu ya jiko lililobaki makaa, ya pili hutasikia kitu. Sasa hapo ndio adui yako anakaa. Joto linalowatesa halitoki kwa hewa peke yake, dari yenyewe imeshika moto na inawamulika kutoka juu usiku kucha, vile makaa yanamulika nyama bila kuigusa, na ndio maana feni inawashinda. Feni haipoozi chumba, inakausha jasho tu kwa ngozi, na ukiwa chini ya dari ya moto utapulizwa weh, utabaki pale pale.

Na dari imepata moto kwa paa. Sisi Nairobi tuko kusini mwa ikweta kama digrii moja na robo hivi, jua la hapa halipigi nyumba kwa ubavu kama nchi za wazungu, linapiga kwa utosi. Wiki ya tatu ya Machi linapita wima juu ya kichwa chako, na mwisho wa Septemba linarudi tena. Mabati ya rangi iliyoiva kama hiyo yenu ya kahawa, kwa jua la namna hiyo, yanafika digrii 60 na kuendelea. Chini unalala na leso kwa sababu vyumba vya juu vimekuwa mwavuli wako. Vyumba vya juu vyenyewe havina mwavuli.

Fundi wako wa jipsamu sitamtukana, kazi ya urembo alifanya, lakini alikudanganya. Jipsamu ni ubao wa milimita 9 ama 12, ukiwa na mabati ya digrii 60 juu yake huo ni kama kuvaa fulana kwenye mvua. Halafu akatoboa matundu ya taa za kuzama, na kila tundu ni njia ya ile hewa ya darini kuchungulia chumbani. Ukisema imezidi nakuamini.

Sasa twende kwa yale magazeti.

Ulipita hapo haraka sana, eti vumbi likapungua. Mama, zile tundu za juu ya dirisha aliyechora nyumba hakuziweka kwa bahati mbaya. Hewa moto hupanda, inakusanyika pale juu karibu na dari, na hizo tundu ndio mlango wake wa kutokea hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nyinyi mmeifungia ndani tangu Julai. Yatoe. Kama vumbi linakusumbua weka wavu mwembamba wa mbu kwa upande wa ndani, unautoa unaosha, hewa inapita. Na hapa niseme kwa ukali kidogo, maana najua si wewe peke yako: kuna watu Nairobi hii wanaziba hizo tundu mwezi wa saba halafu wanaingiza jiko la makaa chumbani kupata joto. Moshi wa makaa hata usipouona una gesi inayoua mtu akiwa usingizini, haina harufu. Tundu zikae wazi mwaka mzima.

Ya pili, usiku wa Nairobi ni mali na nyinyi mnautupa. Hatuko Mombasa. Huu mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hata Februari ile mbaya ukiamka alfajiri nje ni digrii 14 ama 15. Yaani nje kuna eisi ya bure inafanya kazi kuanzia jua likizama hadi asubuhi, na nyinyi mmeifungia nje kwa sababu ya mbu. Kabla hujanunua kitu kingine chochote ita fundi wa neti, madirisha yote ya juu yawekewe, zile za fremu ya aluminiamu zinazotoka ni nzuri zaidi kwa sababu vumbi la Syokimau litataka uzioshe. Grili unazo, basi wizi tumeumaliza hapo.

Namna ya kufungua nayo ni hesabu. Usifungue saa kumi jioni, nje huenda bado kuna joto kuliko ndani na utakaribisha jingine. Kipimajoto chako kitundike nje kivulini kama saa moja jioni, ukiona nje kumeshuka chini ya ndani, fungua kila kitu, na milango ya vyumba iwe wazi hewa ivuke. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki, na miezi hii ya Januari na Februari hutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo madirisha ya upande huo ndio ya kuingizia, ya magharibi ya kutolea. Feni moja ichukue uiweke kwa dirisha la magharibi ikiangalia NJE, isukume ile hewa moto itoke, usicheke, jaribu. Iache mpaka asubuhi, kwa sababu mawe ya ukuta yamekunywa jua mchana kutwa na usiku ndio yanalitapika, saa moja ya kufungua dirisha haitoshi kuyapoza. Ikifika kama saa tatu asubuhi funga madirisha na pazia, zile tundu za juu usiziguse, uende kazini. Baridi uliyovuna usiku itakusukuma hadi mchana.

Sasa dirisha lako la dhahabu. Nimelifikiria sana hilo dirisha, na sitakwambia ulitoe, pumua. Lakini jua la jioni linaingia kwa kioo hicho likiwa limeinama, hakuna upenu unaoweza kulizuia, linapasha ngazi yote, na ngazi ya mezoneti ni bomba la moshi. Joto la jikoni ukipika ugali saa moja jioni, joto la televisheni, la watu sebuleni, yote yanapanda hapo, yanafika juu, yanakuta kioo kisichofunguka, yanageuka kwenda wapi? Vyumbani. Lile kofi la oveni unalopata pale ngazi inapokunja ni hilo.

Hiyo ngazi unayoilaumu ndio ingekuwa dawa kama ingekuwa na mdomo juu. Wanaojua hii kazi wanaitumia makusudi. Pale Gigiri kuna ofisi za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, zilizofunguliwa 2011, jengo kubwa la ghorofa, na limechorwa lipumue lenyewe bila eisi: katikati kuna uwazi mrefu, hewa ikipata joto inapanda kwa huo uwazi na kutokea juu, na mpya inavutwa kutoka madirishani. Wewe huo uwazi tayari unao, umeukalia tu kifuniko. Ita fundi wa aluminiamu akate kile kipande cha juu kabisa cha kioo, kama futi mbili hivi, akifanye cha kufunguka kwa kusukuma nje ama aweke luva, na grili ndogo ndani. Likifungwa kamati ya korti haitaona tofauti. Jioni ukifungua hilo la juu na dirisha moja la chini lililo upande wa mashariki, simama pale ngazi inapokunja, utasikia hewa ikipita shingoni ikipanda, mara ya kwanza watu hudhani ni mzuka. Mwezi wa saba unalifunga, joto la jikoni linabaki ndani mnalifaidi.

Dhahabu yako ya jioni utabaki nayo lakini uipunguze makali miezi hii mitatu. Kuna ile neti nyeusi ama ya kijani ya kufunikia miche, wakulima wanaiita shedi neti, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya kilimo. Kipande kimoja kikining'inizwa nje ya kioo kuanzia Januari hadi Machi kinafanya kazi kuliko pazia lolote la ndani. Na hapo nijibu swali ambalo hukuuliza: zile pazia za damu ya mzee zinakaa ndani, jua likishapita kioo limeshaingia kwako, pazia la rangi iliyoiva linalinywa halafu linalipumua chumbani. Zishonee kitambaa cheupe upande unaoangalia nje. Inatosha, tuendelee.

Paa sasa, na hapa ndio pesa ya sacco ningeipeleka.

Kamati imekataa rangi nyeupe, na kusema kweli hata mimi sina hamu ya kupaka rangi mabati yenye changarawe, tutafanya kwa ndani ambako kamati haiingii. Kuna ile karatasi ya fedha, mafundi wanaiita foili, nyingine ina mapovu ya plastiki katikati kama ile ya kufungia televisheni mpya. Kazi yake ni kukataa joto la kumulika: mabati yanamulika chini, foili inarudisha karibu yote, na kidogo inayopata yenyewe haipendi kuitoa. Lakini iko na masharti mawili ambayo mafundi wengi hawayajui ama wanayaruka kwa uvivu. Kwanza lazima kuwe na nafasi ya hewa kati yake na kitu kilicho mbele yake, angalau sentimita mbili, ukiibandika ikagusa mabati inakuwa chuma tu kama chuma kingine, joto linapita kwa kugusana. Pili, usikubali fundi akutandikie foili juu ya jipsamu ikiangalia juu halafu adai amemaliza. Siku ya kwanza itafanya kazi vizuri, lakini darini kwenu kuna vumbi, baada ya muda itakuwa imevaa koti la vumbi na ule mng'ao ndio ulikuwa dawa. Apigilie chini ya zile mbao za mteremko zinazobeba mabati, upande unaong'aa uangalie chini, vumbi halikai kwa kitu kinachoangalia chini. Na juu kabisa kwa kilele aache mwanya wa kiganja, hewa moto iliyo kati ya foili na mabati ipate pa kupitia.

Kuna pia pamba ya kioo, zile rola za manjano, unatandaza juu ya jipsamu kati ya mbao, ya milimita 50 ama 100. Nguvu yake ni hewa iliyoshikwa ndani ya nyuzi, kwa hivyo ikishindiliwa imekufa. Na hapa mama mkwe ashinde kesi yake: nyumba ya nyasi haikumtoa jasho kwa sababu ile ile, paa la nyasi ni unene wa hewa iliyofungiwa, mabati ni kama nusu milimita ya chuma. Mwambie Mama Mjengo amesema yuko sahihi, utapata pointi.

Ukiniuliza nianze na gani, mimi ningeanza na foili, kwa sababu joto lenu kubwa linashuka kwa kumulika, halafu pesa ikipatikana pamba ifuate kabla ya Juni, nayo itawasaidia hata kwa ile baridi ya mifupa. Mtu mwingine atakwambia kinyume, sitagombana naye.

Mambo ya usalama, usiyaruke. Men swichi izimwe kabla mtu hajapanda na stepla na karatasi ya chuma mahali kuna nyaya. Pamba isifunike zile taa za kuzama wala vile vidubwasha vyake, zinahitaji kupumua, zikifunikwa zinachemka na moto wa nyumba huanzia huko. Fundi avae maski na mikono mirefu, nyuzi za kioo zinawasha vibaya. Akanyage mbao, si jipsamu, nimeshaona mguu wa fundi ukining'inia sebuleni kwa mtu. Na waanze saa kumi na mbili asubuhi watoke saa tatu, anayekwambia atafanya hiyo kazi saa saba mchana hajawahi kuingia darini. (Wale mnaosoma hapa na mko kwa esteti za zamani zenye paa la asibesto, hayo yote yasimame kwanza, msitoboe wala kusugua wala kuvunja, vumbi lake ni sumu ya mapafu na kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.)

Fundi akiwa huko muulize upenu wenu umezibwaje. Mara nyingi wamepiga plaiwudi kutoka ukuta hadi mwisho wa paa, safi kabisa, hakuna hata tundu. Atoboe matundu kila baada ya mita moja hivi na aweke wavu, popo na panya wasipate makao. Zile kofia za kuzunguka na upepo unazoziona juu ya magodauni ya Industrial Area zingesaidia zaidi lakini itabidi kutoboa paa na kamati yako naiona, achana nazo.

Maji ya mpira ya jirani yanapoza kweli, maji yakikauka yanaondoka na joto, ila nusu saa baadaye mabati yamekauka na boza haijalipwa. Hapana.

Sasa mzee. Eisi si ujinga, na usiende kwake na hii barua ukiwa umeshika kiuno. Amemwona mama yake akitoka jasho, watoto wake wanalala sakafuni, mwanaume hapo anataka kitu anaweza kununua leo kimalize aibu. Muelewe. Lakini mpigie hesabu: feni ya wati 50 kwa saa nane inakula chini ya nusu yuniti. Eisi ndogo ya BTU 9,000 inavuta karibu kilowati moja ikiwa inasukuma, na chini ya dari ya moto itasukuma bila kupumzika, hapo ni hadi yuniti nane kwa usiku, mara mbili kwa sababu anataka mbili. Na itabidi kila moja ivutiwe waya wake kutoka kwa dibii, lile sanduku la kugawa stima.

Halafu hesabu iache kidogo. Wikendi saa nane mchana mwekee ngazi pale kwenye kimlango cha dari kwa korido, mpe tochi, mwambie unataka akuangalilie kama kuna nyaya zimelegea. Aingize kichwa tu. Mwanaume akiambiwa na mke huo ni ubishi, akichomwa na mabati mwenyewe huo ni utafiti. Akishuka akifuta jasho ndio umuulize foili inauzwaje kwa mita, na mpime darini pamoja, muitishe kotesheni mbili muilinganishe na ile ya eisi. Mkishafanya haya na bado chumba cha watoto kinagoma kushuka 28 usiku, nunueni eisi moja, ya chumba kimoja, nami nitakaa kimya.

Kipimajoto usikitoe hapo kilipo. Nitumie namba ya saa mbili usiku wa leo na ya Jumapili ijayo baada ya tundu kuzibuliwa na neti kuwekwa, kabla hata hujanunua hiyo foili. Na yale magazeti uyatoe kabla mzee hajaona nimeandika nini.